Mchanga, dasti, kokoto au chuma? Cha kujaza ndani ya stendi za spika

Gonga nguzo ya stendi yako kwa kifundo cha kidole, pale katikati. Ikilia kama kengele na mlio ukabaki hewani, basi kila besi ya benga inapopita kwenye noti iliyo karibu na mlio huo, nguzo nayo huitikia. Sauti hiyo haikurekodiwa studio. Inatoka kwenye bomba tupu lililo chini ya spika, na inauchafua muziki hasa pale mwimbaji mwenye sauti nzito anapoanza ubeti.

Stendi nyingi za nyumbani huku Kisumu zimeungwa na mafundi wa jua kali, Kibuye au kando ya barabara mtaani: bomba la mraba la inchi nne, bamba la chini, bamba la juu, rangi nyeusi, umemaliza. Ni imara na bei yake haiumizi. Ukimuuliza fundi ujaze nini ndani, atakwambia, "Tia mchanga tu, mkubwa." Jibu hilo ni sahihi nusu. Mchanga upi, ukauke kiasi gani, na ni wakati gani kitu kingine kinaushinda mchanga, hayo nilijifunza kwa kuharibu sakafu, na nitayaeleza yote kwa sababu sitaki mtu mwingine arudie.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotafutwa. Kujaza stendi kunafanya kazi mbili, na watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni uzito. Spika ya rafu ya kilo sita au saba ikikaa juu ya nguzo ya sentimita 60, mzigo wote uko juu, na mtoto akijikwaa kwenye waya inakuja chini. Uzito ukishuka kwenye nguzo na bamba la chini, stendi inasimama. Kazi ya pili ni kumeza mtetemo. Ukuta wa bomba ukitikisika, punje zilizo ndani zinasuguana, na ule mtikisiko unaishia kuwa joto kidogo sana ambalo hutalihisi kamwe. Msuguano huo wa punje ndio unaonyamazisha nguzo. Kwa hiyo kitu kizito ambacho punje zake zimegandana kitakupa uzito bila ukimya wa kutosha, na kitu chepesi chenye punje huru hakitakuwa na nguvu ya kuukandamiza ukuta wa chuma.

Tupige hesabu ili tulinganishe kwa haki. Bomba la inchi nne kwa nne lenye urefu wa sentimita 60, ukitoa unene wa bati lake, lina nafasi ya lita tano na nusu hivi ndani. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1.6 hivi, kwa hiyo stendi moja inabeba karibu kilo 9. Kokoto ndogo ni kama hizohizo au pungufu kidogo, kwa sababu ya mianya mikubwa kati ya mawe. Mchele hauzidi kilo 4 na nusu. Goroli za chuma, zikijipanga vizuri, zinafika kilo 25 na zaidi. Punje za risasi, yaani ile madini laini ya kijivu, zinakaribia kilo 38. Ukiwa na nguzo ya inchi tatu, namba zote hizo zinashuka hadi zaidi kidogo ya nusu, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza kubadilika, kama nitakavyosema.

Mchanga wa mto

Nauweka mbele kwa sababu kwa nyumba tisa kati ya kumi ndio utakaotosha. Mchanga wetu unatoka kwenye mito inayoshuka kuelekea Ghuba ya Winam, kama Sondu-Miriu na Nyando, na unauzwa popote nyumba zinapojengwa. Debe moja la lita 20 linajaza stendi mbili na linabaki. Ukimwendea mama anayeuza mchanga kando ya barabara na kumwambia unataka debe moja tu, atakuangalia mara mbili.

"Debe moja, mwanangu? Unajenga nini?"

"Najaza vyuma vya redio, mama."

"Chukua basi ule wa juu, ulikwisha kuoshwa na mvua."

Alikuwa ananisaidia kwa moyo mweupe, na mchanga wa juu ya rundo ni kweli umeoshwa, lakini pia ndio uliolowa. Stendi zangu za kwanza nilizijaza mchanga ulioonekana mkavu kwa macho. Nilikuwa nimeuanika siku moja juani, ukawa mweupe juu, nikauridhia. Baada ya msimu mmoja wa masika niliona duara la rangi ya chai chini ya stendi ya kushoto, kwenye vigae. Nilidhani mtu amemwaga kinywaji. Nilipoinua stendi, ukingo wa bamba la chini ulikuwa umevimba kutu, na nilipofungua tundu la juu, mchanga haukutoka. Ulikuwa umeshikana na ukuta wa bomba kama keki iliyoungua. Ilibidi nichokonoe kwa kipande cha nondo saa nzima. Doa lile kwenye kigae halikutoka.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Mchanga unyevu una maji yaliyozunguka kila punje. Ukiuziba ndani ya bomba la chuma ambalo halikupakwa rangi upande wa ndani, maji hayo hayana pa kwenda, yanabaki kukila chuma. Na kuna hasara ya pili ambayo wengi hawaifahamu: mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Punje zinashikiliana kwa utando wa maji na kuacha nafasi tupu kati yake, hata ujazo ukaongezeka kwa robo au zaidi. Wajenzi wanalijua hili, ndiyo maana fundi mzoefu hapimi mchanga mbichi kwa karai kama anavyopima mkavu. Kwa hiyo unaamini umejaza nguzo kumbe umejaza nafasi, na punje zilizoshikana hazisuguani. Stendi inashika kutu na bado inalia.

Mchanga wa ziwani na wa pwani

Watu wa Kisumu wengi wanafikiria kwenda Dunga au Hippo Point kuchota mchanga wenyewe. Tofauti na bahari, maji ya Ziwa Victoria ni matamu, kwa hiyo huna haja ya kuogopa chumvi. Kasoro ya mchanga wa ufukweni ni vipande vya makombe ya konokono, mizizi na udongo mweusi unaonuka ukifungiwa. Tena kuna jambo la afya: konokono wa ziwa hili hubeba kichocho, na mtu anayeingia majini hadi magotini ili achote mchanga anajiweka hatarini. Mchanga ukishakauka hauna neno, hatari iko kwenye maji. Nunua wa mto, usiingie ziwani kwa ajili ya stendi.

Aliye na jamaa Mombasa anayejitolea kumletea mchanga mweupe wa bahari, amshukuru na akatae. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata baada ya kukausha, na chuma na chumvi havikai nyumba moja.

Dasti ya machimbo

Upande wa Nakuru, ambako mawe ya kujengea yanakatwa kila upande, dasti ni rahisi kupata kuliko mchanga mzuri. Ni yale mabaki yanayotoka jiwe linapopondwa: punje zenye kona kali zikiwa zimechanganyika na unga laini. Tukiyapanga haya mawili ubavu kwa ubavu, dasti ina uzito sawa na mchanga, wakati mwingine inauzidi kwa sababu unga unajaza mianya kati ya punje. Kwenye mizani inashinda.

Inashindwa penginepo. Ule unga laini unapenya kwenye tundu lolote la weldi ambalo jicho halilioni, na kila besi ikipiga unatoka kidogo. Utafagia kijivu chini ya stendi kila wiki. Tena unga ukishashuka na kujikandamiza chini, unakuwa kama udongo uliotwangwa: mgumu, hauna mchezo wa punje, na hauitikii tena. Ukiichekecha dasti kupitia wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, na kutupa kinachopita, kinachobaki ni kitu kizuri sana, pengine bora kuliko mchanga wa mto kwa sababu kona zake zinasuguana zaidi. Lakini hiyo ni kazi ya barakoa. Vumbi la mawe lenye silika likiingia kwenye mapafu halitoki, na madhara yake huchukua miaka kuonekana. Chekecha nje, simama upande upepo unakotoka, na mtoto asiwe karibu.

Kama uko Nakuru na una subira ya kuchekecha, dasti. Kama huna, mchanga.

Kokoto, mawe mepesi na unga mweupe wa Gilgil

Kokoto zinapigiwa debe kwa sababu ni safi, zinakauka haraka na hazivuji. Yote hayo ni kweli. Zinachokosa ni mgusano. Jiwe la robo inchi linaugusa ukuta wa bomba kwenye nukta mbili tatu, na kati ya mawe kuna hewa. Kibaya zaidi, jiwe moja likilegea linaanza kugonga ukuta, na unapata njuga ndani ya stendi. Niliisikia kwa rafiki yangu Nyalenda, tulipokuwa tukisikiliza ohangla: kila ngoma inapoingia, kitu kinajibu "cha, cha" kwa mbali. Tulikagua waya, tukafungua spika, tukabana skrubu zote. Ilikuwa kokoto. Tulimwagia mchanga mkavu kutoka juu, tukawa tunaigonga stendi kwa nyundo ya mpira huku mchanga ukijipenyeza kati ya mawe, na njuga ikanyamaza usiku uleule. Kokoto peke yake sikushauri. Kokoto na mchanga pamoja ni sawa.

Bonde la Ufa limejaa mawe ya volkeno yenye vitundu, yale ambayo watu hutumia kusugua visigino. Mengine ni mepesi hata yanaelea majini. Ni kavu, ni rahisi kuyapata kuzunguka Menengai na Naivasha, lakini kitu kinachoelea hakiwezi kuishika stendi chini. Vivyo hivyo ule unga mweupe unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, dayatomaiti, ambao ni mabaki ya viumbe wadogo wa ziwa la kale. Unapendeza kuutazama, na ni mwepesi kuliko maji. Zaidi ya hayo unanyonya unyevu, na hiyo ndiyo kazi inayoununulisha viwandani. Usiutie ndani ya stendi.

Nafaka na pumba

Nitapita hapa haraka. Mchele wa Ahero, mahindi, maharagwe, pumba, vumbi la mbao: vyote ni vyepesi, vyote vinavuta maji kutoka hewani, vyote ni chakula cha kiumbe fulani. Fukusi wakiingia kwenye nguzo utawasikia usiku redio ikiwa imezimwa, na panya atatafuta njia. Chakula kibaki jikoni.

Zege

Wapo wanaomwaga saruji, mchanga, kokoto na maji, wakaziba kabisa. Niseme ukweli wake kwanza: chuma ndani ya zege hakishiki kutu kwa urahisi, ndiyo maana nondo hudumu ndani ya nguzo za majengo, na uzito wake kwa lita, kilo 2.4 hivi, unaushinda mchanga. Lakini zege ikikauka inasinyaa kidogo na kuachana na ukuta wa bomba, na pale palipoachana bati linarudi kulia. Haina punje za kusuguana. Na siku ya kuhama kutoka Kondele kwenda Milimani, utabeba jiwe. Huwezi kulitoa. Kwa stendi ya baa au ukumbi wa kanisa ambayo haitasogezwa kamwe, fikiria. Kwa nyumba ya kupanga, hapana.

Chuma

Hapa ndipo mchanga unapokutana na mpinzani wa kweli. Kama nguzo yako ni nyembamba, inchi mbili au tatu, mchanga utakupa kilo mbili hadi tano tu, na hiyo haitoshi chini ya spika kubwa. Chuma kinakupa karibu mara tatu kwa nafasi ileile.

Shida ni kukipata kikiwa katika umbo linalofaa. Goroli za beringi kutoka gereji ni nzuri kabisa, ila utazunguka gereji nyingi kabla hujajaza kopo. Vile visarafu vidogo vinavyodondoka bamba la chuma linapotobolewa kwa mashine vinapatikana kwenye karakana kubwa, na mara nyingi wanaviuza pamoja na chuma chakavu. Hivyo ndivyo nilivyotumia kwenye stendi za chumba kidogo. Vioshe kwa maji moto na sabuni ya unga mara mbili, kwa sababu vimejaa mafuta ya mashine, na mafuta hayo yataonekana kwenye rangi ya stendi. Usivioshe kwa petroli ndani ya nyumba. Vikaushe juu ya jiko saa ileile, kabla kutu haijawahi.

Unga wa chuma kutoka kwenye grinda uache. Una chembe za jiwe la grinda, unashika kutu upesi, na ukishashika kutu unavimba na kuganda kuwa mwamba mmoja ndani ya bomba.

Njia bora zaidi niliyoipata mimi ni kuchanganya. Tia tabaka la visarafu la sentimita tano, mwagia mchanga mkavu mwembamba juu yake, gonga mpaka mchanga uzame, ongeza tabaka jingine. Mchanga unakaa kwenye mianya ambayo chuma kingeiacha tupu, unakizuia chuma kisigonge ukuta, na uzito unapanda kuliko vitu hivyo viwili vikiwa peke yake. Ni kazi ya jioni nzima kwa stendi mbili. Nguzo iliyojazwa hivyo ukiigonga haitoi mlio wowote wa chuma, inasema "tup" kama ukuta wa nyumba ya mawe.

Risasi

Wanaosoma ushauri wa watu wa Ulaya watakuta risasi ikisifiwa kuliko vitu vyote. Kwa uzito na kwa kumeza mtetemo, sifa hizo ni za haki. Ni nzito kuliko chuma, tena ni laini, haina mlio wake yenyewe. Huku kwetu ungeipata kwenye vyuma vidogo vinavyopigiliwa kwenye rimu za magari kusawazisha matairi, kwenye betri kuukuu, au kwenye vizamisho vya wavuvi, ambavyo watu wa pwani huviita chubwi.

Usiilete nyumbani. Risasi ni sumu, na vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto linaharibu ubongo unaokua. Kenya inalijua hili kwa uchungu: Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani nao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hakuna besi inayostahili kuiweka sebuleni. Na yeyote atakayekwambia uyeyushe betri ili upate punje zako, muage na uondoke.

Kuuandaa mchanga mpaka uwe mkavu kweli

Kama umefuata hadi hapa na umechagua mchanga, kazi iliyobaki ndiyo itakayoamua kama utafurahi au utachokonoa kwa nondo kama mimi.

Chekecha kwanza ukiwa bado mkavu wa juu, kwa chekecheke la wajenzi, utoe mawe, majani na vijiti. Kisha upime udongo: jaza mchanga hadi nusu ya chupa ya kioo, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, iache saa tatu. Mchanga utakaa chini na udongo laini utakaa juu yake kama tabaka la krimu. Tabaka hilo likiwa jembamba kama ukingo wa shilingi, uko sawa. Likiwa nene kama kidole, osha mchanga wako wote kwenye beseni, mimina maji machafu, rudia hadi maji yawe karibu kuonyesha mkono wako chini. Ule wa kwenye chupa mwage, una chumvi.

Anika juu ya turubai au bati, tabaka lisizidi vidole viwili, na ulipindue kila baada ya saa mbili tatu kwa reki. Nakuru, kwenye upepo mkavu wa Januari, siku mbili zinatosha. Kisumu hewa ina maji ya ziwa ndani yake, kwa hiyo hesabu siku tatu na uingize turubai ndani kila jioni kabla umande haujashuka. Kakamega mvua ya alasiri haina simile. Huko ni afadhali ungoje Desemba au Januari.

Halafu jiko. Jua peke yake halitoshi, nalisisitiza hilo kwa nguvu zote. Weka karai la chuma juu ya makaa, tia mchanga kina cha vidole vitatu, koroga kwa mwiko usioutaka tena. Dakika za kwanza mchanga ni mzito na unashika mwiko. Mvuke unapanda, unauona ukielekea mwanga wa dirisha. Kisha sauti inabadilika: kule kukwaruza kwa mchanga mbichi kunageuka kuwa mchirizi laini, na mchanga unaanza kutiririka nyuma ya mwiko kama maji, ukiziba mfereji wake wenyewe papo hapo. Usitoe bado. Funika kifuniko baridi cha sufuria juu ya karai kwa sekunde kumi, ukigeuze utazame. Ukiona jasho, endelea. Kikiwa kikavu, mchanga umekauka. Mawe makubwa uliyoyasahau yanaweza kupasuka kwa joto maji yaliyomo ndani yakigeuka mvuke, ndiyo sababu uchekeche kwanza na usiweke uso juu ya karai.

Uache upoe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ukiuacha wazi usiku kucha Kisumu, umeanza upya.

Ndani ya nguzo

Wakati mchanga unapoa, shughulikia bomba. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ndani ya nguzo, tazama maungio ya weldi kutoka nje. Popote mwanga unapotoka, mchanga utatoka. Ziba kwa silikoni. Kisha mimina kikombe cha rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu wanayopaka mageti, zungusha nguzo pande zote mpaka ukuta wote upate, mwaga iliyobaki, acha ikauke siku mbili nzima. Fundi wangu wa kwanza hakupaka ndani, nami sikumwomba.

Mtu ataniuliza kuhusu kutia mchanga kwenye mfuko kwanza, ili usimwagike wakati wa kuhama. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na hata ungekuwa nayo, mfuko unautenga mchanga na ukuta wa bomba, na msuguano ndio tuliokuwa tukiutafuta. Kama unahama kila mwaka, mpe fundi cherehani akushonee soksi ndefu ya kitambaa chepesi cha pamba, ujaze hiyo ikiwa ndani ya nguzo tayari ili ijae na kugusa pande zote. Kitambaa hakitengi sana. Kama umetulia, mimina moja kwa moja.

Jaza stendi ikiwa mahali pake, hasa ukikaa ghorofani. Kuinua stendi iliyojaa kwa kushika bamba la juu kunaweza kuachanisha weldi. Tumia faneli ya karatasi ngumu, mimina theluthi moja, gonga nguzo kwa mpini wa nyundo mara thelathini hivi, ongeza, gonga. Ukifika theluthi mbili simama. Rudisha spika, cheza kitu unachokijua vizuri, chenye gitaa la besi linalotembea na sauti ya mtu mbele. Halafu gonga tena nguzo kwa kifundo kuanzia chini kwenda juu. Bomba lililoshikwa ncha zote mbili hutikisika zaidi katikati, kwa hiyo kupita katikati ndiko kunakoleta tofauti kubwa. Kama sehemu ya juu bado inalia kwa kiasi cha kukusumbua, ongeza vidole vinne, sikiliza tena. Zangu zimejaa robo tatu, na hapo ndipo masikio yangu yaliporidhika.

Kwa mtu mwenye nguzo ya inchi nne na mkono wa kukoroga karai, mchanga wa mto. Kwa aliye Nakuru na wavu wa dirisha, dasti iliyochekechwa. Kwa nguzo nyembamba na spika nzito, visarafu vya chuma na mchanga katikati yake. Ziba tundu la juu kwa silikoni siku hiyohiyo, na chini ya kila stendi weka kipande cha kadibodi nyeupe mpaka masika ya kwanza yapite. Kikibaki cheupe mvua za masika zikipita, ondoa.